Anza na Mwenye Kidogo: Mhadhara Kuhusu Safari ya Kwanza ya Kundi Kwenye Bustani ya Burudani

Ndugu zangu, karibuni. Mliokaa nyuma kabisa mkisogea mbele nitashukuru, sauti yangu leo haina nguvu.

Nimeombwa nieleze namna kundi la watu wazima, wawe marafiki au ndugu, linavyoweza kwenda kwa mara ya kwanza kwenye bustani kubwa ya burudani na kurudi bila madeni. Nazungumzia zile zenye rolakosta, treni inayopanda taratibu mpaka kileleni kisha inaachia, zenye nyumba za kutisha na maonyesho ya usiku. Najua wengi mmekuja na kalamu mkisubiri siri za tiketi za bei nafuu. Nitazisema. Ila mimi somo hili sikulipatia kwenye tiketi, nililipatia kwenye benchi.

Tulikuwa saba, wote ni mara yetu ya kwanza. Saa kumi jioni, jua bado kali, tumekaa karibu na makabati ya kuwekea mizigo. Wanne kati yetu walikuwa wamenunua pasi ya kulipia, ile inayokupitisha foleni fupi. Watatu hatukununua. Wenzetu wale wanne walikuwa wamepanda kila kilichokuwa kikubwa, nywele zimewasimama, wanacheka. Sisi watatu tulikuwa tumepanda vitu viwili tu tangu asubuhi. Na mmoja wetu, mtu ambaye kwa kawaida hafungi mdomo, alikuwa kimya tangu saa saba. Akaulizwa, "Vipi, unaumwa?" Akajibu, "Miguu tu." Haikuwa miguu. Alikuwa amebakiwa na nauli ya kurudi tu, na mbele yetu kulikuwa na siku nyingine nzima.

Usiku ule nilirudi kwenye kundi letu la WhatsApp nikasoma tulivyokuwa tukipanga. Hoteli ipi? "Yoyote, mimi nipo sawa." Siku ngapi? "Zozote, mimi nipo sawa." Kila lilipokuja swali la hela, jibu lake lilikuwa hilo hilo. Tangu hapo mtu akiniambia yupo sawa na chochote, nasikia anachosema kweli: nina kidogo, na naona haya kusema.

Kwa hiyo nawaambia, kabla hamjafungua ukurasa wowote wa tiketi, kabla hamjabishana mwende wapi na lini, kila mtu amtumie mtu mmoja ujumbe wa siri wenye namba moja. Namba hiyo ni kiasi cha juu kabisa anachoweza kutumia toka anafunga mlango wa kwake mpaka anaufungua tena, bila kukopa. Huyo mpokeaji anazipanga, anaichukua ndogo kuliko zote, anawatangazia: "Bajeti yetu ni hii." Hasemi ni ya nani. Wenye zaidi watakuwa na zaidi mifukoni, watanunua fulana na midoli wapendavyo. Lakini mpango wa pamoja, yaani malazi, siku, kiingilio na usafiri, unakaa chini ya namba ile.

Naona dada pale anatikisa kichwa. Najua. Mtasema, mmoja akitaja kidogo mno je? Basi mmeligundua miezi minne kabla, mkiwa bado nyumbani, na hapo kuna njia. Mnaweza kupunguza siku, kusogeza safari mbele ili mtu ajichange, au kuchagua bustani nyingine. Saa kumi jioni kwenye benchi hakuna njia.

Sasa tuje kwenye kiingilio, maana hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami. Bustani haziuzi kitu kile kile. Disneyland ilipofunguliwa California mwezi Julai 1955, ulilipa getini, kisha ndani ukalipia kila mchezo peke yake. Baadaye mwaka huo huo wakaleta vitabu vya tiketi zenye herufi. Ya A ilikuwa ya vitu vidogo vidogo, na mwaka 1959 ikaongezwa ya E kwa michezo mikubwa kuliko yote. Vitabu hivyo viliachwa mwaka 1982, ikabaki bei moja getini, upande mara moja au mara ishirini. Bustani kubwa nyingi leo zinakwenda hivyo. Maana yake ni kwamba ukilipa pale getini umekwisha kulipia na ile rolakosta ambayo hutaipanda kwa sababu unaogopa.

Lakini mtindo wa zamani haujafa. Tivoli, katikati ya Copenhagen, ipo tangu 1843 na mpaka leo unaweza kulipa kiingilio tu ukatembea kwenye maua na muziki, michezo ukailipia mbali. Kaskazini kidogo ya mji huo huo kuna Bakken, ambayo wanahesabu mwanzo wake mwaka 1583, na kuingia ni bure. Marekani, jimbo la Pennsylvania, kuna Knoebels, nayo haitozi kiingilio wala maegesho, unalipia unachopanda.

Kwa nini nawachosha na historia? Kwa sababu kundi la watu wazima si familia yenye watoto. Kwenye watu wanane utakuta watatu wanaotaka kupinduliwa kichwa chini tangu asubuhi, wawili watakaopanda kwa kubembelezwa, na watatu waliokuja kupiga picha na kupiga soga. Mkiwapeleka hawa wote kwenye bustani ya bei moja, nusu yenu mmelipia hewa. Kwa hiyo waulizeni watu kabla, kwa majina, nani anapanda na nani hapandi. Waoga wakiwa wengi, na semeni ukweli, bustani ya kulipia unachopanda itawaokolea hela nyingi kuliko punguzo lolote la mtandaoni. Wapandaji wakiwa wengi, lipeni bei moja mpande mpaka geti lifungwe.

Kuna jambo la tarehe pia. Zamani tiketi ya Jumamosi ya sikukuu na ya Jumanne ya mvua zilikuwa bei sawa. Disneyland iliacha mtindo huo mwaka 2016, na Walt Disney World ya Florida nayo ikauacha mwaka huo huo kwa tiketi za siku moja, kisha mwaka 2018 kwa za siku nyingi. Bei inategemea siku, na nyingine nyingi zinafanya hivyo hivyo. Hapa ndipo mtu mzima asiye na mtoto wa shule anapowashinda wengine wote. Nendeni katikati ya wiki, shule zikiwa zimefunguliwa. Tiketi iko chini, chumba kiko chini, na foleni ziko fupi, faida tatu kwa uamuzi mmoja. Hasara yake ni kwamba kipindi kile kile ndicho bustani hufungia michezo kwa ukarabati na kufunga geti mapema. Karibu kila bustani kubwa hutangaza michezo iliyofungwa na saa za kazi. Someni kabla ya kulipa, maana tiketi nyingi ukishanunua hazirudishwi.

Siku ngapi? Kwa mara ya kwanza, chache. Walt Disney World ina bustani nne kuu kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 100. Nimewaona watu wananunua tiketi ya kuhama bustani hadi bustani siku moja, wakaishia kuijua vizuri stendi ya basi. Chagueni moja kwa siku moja, muimalize.

Sasa foleni. Hii nataka tuipigie hesabu pamoja, chukueni hizo kalamu. Treni moja ya rolakosta inabeba watu 24. Tuseme inaondoka moja kila sekunde 90. Kwa saa ni treni 40, watu 960. Kwa hiyo ukikuta watu 960 mbele yako, unasimama saa nzima kwa ajili ya dakika mbili za kupiga kelele. Saa sita mchana watu hao wapo. Dakika kumi baada ya geti kufunguliwa hawapo, bado wako hotelini wanatafuta soksi. Geti likifunguliwa saa tatu asubuhi, ninyi saa mbili na nusu muwe pale mbele, mkimbilie kwanza mchezo ule unaosifiwa kuliko yote, halafu wa pili wake. Kinachopatikana katika saa ile ya kwanza, mchana mtakitafuta kwa saa tatu. Kula nako kuleni saa tano au saa nane. Saa saba kila mtu ana njaa, basi wakati huo ninyi pandeni.

Na kuna foleni nyingine ambayo makundi huipita bila kuiona, ya mtu mmoja mmoja. Kwenye baadhi ya michezo treni ikibaki na kiti kimoja tupu, wanaitwa watu wa foleni hiyo kukijaza. Familia yenye watoto wadogo haiwezi kuitumia, mtoto hukai naye mbali. Ninyi mnaweza. Mtakaa mbalimbali, ndiyo, lakini nani anaongea kwenye rolakosta?

Ile pasi ya kuruka foleni iliyotuvuruga sisi, Disney waliianzisha mwaka 1999 ikiwa bure. Mwaka 2021 ya bure iliondolewa, ikaja ya kulipia. Bustani nyingine nyingi nazo zinauza ya kwao, na kwa siku yenye watu wengi inaweza kuongeza gharama ya kiingilio kupita mlivyotegemea. Sisemi msinunue. Nasema amueni nyumbani: wote, au hakuna. Na kama wachache wanaitaka kwa hela zao, wakubaliane mapema kwamba kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana wao ni kundi lao, tukutane saa nane mahali fulani. Kinachouma ni kusubiriana.

Malazi nitayapita haraka. Nyumba moja yenye jiko kwa watu sita mara nyingi inashinda vyumba vitatu vya hoteli, lakini ongezeni nauli na maegesho ya kila siku kabla hamjafurahia bei ya nyumba iliyo mbali. Na anayekoroma ajitangaze. (Mnacheka, lakini nimewahi kulala bafuni.)

Chakula na maji: someni masharti, yanatofautiana. Walt Disney World inaruhusu uingie na chakula chako na vinywaji visivyo na kilevi, mradi visiwe kwenye chupa za kioo, na kwenye migahawa yao ya haraka wanakupa kikombe cha maji ukiomba. Holiday World ya Indiana haitozi soda. Kwingine begi lenye chakula linazuiwa getini. Kwa watu wazima tundu kubwa la mfuko ni pombe. Bustani ya EPCOT, moja ya zile nne za Walt Disney World, ina mabanda 11 ya nchi yaliyolizunguka ziwa, na nyingi ya nchi hizo zina kinywaji cha kukuuzia. Ukisema utaonja kila banda, bajeti yako inaishia nchi ya nne. Pombe kila mtu na mfuko wake, isiingie kwenye mchango.

Kuhusu mchango wenyewe, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Awepo mweka hazina mmoja, na asilipie chochote kabla hela haijamfikia. Nimeona watu wanaweka malazi ya watu kumi kwenye kadi yao wenyewe, halafu wawili wanajitoa wiki moja kabla. Andikeni mapema kwamba ukijitoa baada ya tarehe fulani, fungu lako la malazi linabaki, labda umlete wa kuchukua nafasi yako. Mkiwa safarini, kila usiku kabla ya kulala mfunge hesabu. Deni la jana kila mtu analikumbuka, la Jumatatu iliyopita linageuka ugomvi.

Jambo moja zaidi, nililiona kwa macho na sijalisahau. Safari nyingine, bustani nyingine, mwenzetu mwenye mwili mkubwa alipanga foleni nasi kwa dakika hamsini. Akakaa. Mhudumu akausukuma ule mkono wa chuma kifuani kwake mara moja, mara mbili, akamwita mwenzake, wakausukuma wawili. Haukutoa ule mlio wa kufunga. Treni nzima imegeuka inaangalia. Akateremka peke yake, akapita mlango wa pembeni. Tulipotoka tukaona, pale pale mwanzo wa foleni, kiti cha kujipimia kimewekwa wazi, na wote tulikipita tukicheka. Kwa hiyo mkifika kwenye rolakosta kubwa, kitafuteni kiti hicho, na mkae wote, mmoja baada ya mwingine, hata mwembamba. Wakikaa wote hakuna anayejua nani alikuwa na wasiwasi.

Viatu: vilivyokwisha kuzoea mguu. Vipya viacheni nyumbani.

Kuna mkono umeinuliwa kule. Ndiyo, kaka. Unauliza mweka hazina awe nani? Sisi safari ya pili tulimchagua yule yule wa kwenye benchi, yule wa "mimi nipo sawa". Yeye ndiye aliyepokea namba za siri, yeye ndiye aliyeuliza bei ya kila kitu mara mbili bila kuona haya, kwa sababu sasa alikuwa anauliza kwa niaba yetu sote. Siku ya mwisho alitupanga kwenye mstari kituoni akamrudishia kila mtu chenji yake, hadi sarafu, na risiti zimefungwa kwa mpira.

Swali la pili? Dada, karibu.