Achague Wimbo Anayeumwa Tumbo

Shikamooni wazee. Walimu, habari zenu. Nanyi mabinti mlioketi mikekani hapa mbele, karibuni sana.

Nianze na bweni. Usiku, taa zimezimwa, msichana wa miaka 14 amejikunja kitandani kwa maumivu ya hedhi, ameuma shuka ili wenzake wasimsikie. Asubuhi anaambiwa ni mvivu. Nimekuwa matroni miaka mingi hapa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na neno hilo linaniuma hadi leo.

Maumivu yale si deko. Hedhi inapoanza, ukuta wa mfuko wa uzazi hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo huukaza mfuko ujikamue, mishipa ya damu ikabanwa, misuli ikapungukiwa oksijeni. Ibuprofeni hupunguza kemikali hizo, ndiyo maana hufaa ikimezwa mapema, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo aulize kwanza kituo cha afya. Chupa ya maji ya moto tumboni nayo husaidia. Wimbo hauchukui nafasi ya dawa, tuelewane hapo.

Lakini msichana anayeogopa huumia mara mbili: kwa mkazo uliopo, na kwa kuungojea ujao. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango la maumivu, na ubongo unaweza kulifunga kiasi. Hapo ndipo muziki unapoingia.

Sisi tulianza na adungu, kile kinubi chetu cha nyuzi. Mmoja anapiga polepole, wengine wanaguna wimbo, mwenye maumivu anavuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa sita. Nusu saa hivi. Wengine walilia, niliwaacha walie, maana walikuwa na mengi zaidi ya tumbo.

Siku moja binti aliziba masikio. Wimbo ule uliimbwa kwenye msiba wa mama yake. Nilimwomba radhi, na tangu hapo sichagui mimi, anachagua anayeumwa tumbo. Yule alitaka wimbo wa harusi, tena wa kasi, na ukamfaa.

Akikosa masomo kila mwezi, akilowesha pedi kila saa, au akiumwa hata nje ya siku zake, mpelekeni hospitali. Msimwambie akizaa yataisha.

Nanyi akina baba, ile redio ya sebuleni, jioni za siku zake mwachieni binti aiingize chumbani kwake.