Kabla ya Kuuliza Ukubwa wa Diski

Ndugu wasikilizaji, wazee wetu shikamooni, na ninyi vijana hamjambo.

Tangu watu wa Mbeya walipoanza kuziondoa televisheni zenye mgongo na kununua za bapa, swali ninaloulizwa kuliko yote karakanani ni hili: "Fundi, king'amuzi gani cha kurekodi kina diski kubwa?" Ninaliheshimu swali hilo, kwa sababu anayeuliza anataka thamani ya fedha yake. Hata hivyo nimekuja kuwaomba mlisogeze nyuma, liwe la mwisho, kwa kuwa wengi niliowaona wakijuta hawakujutia diski; walijutia waya, kichwa cha dishi na umeme.

Tuanze na picha yenyewe. Picha ya kawaida tuliyoizoea ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, ilhali picha kamili ya HD, yaani ya ubora wa juu, ina nukta 1920 kwa 1080, yaani mara tano ya ile ya kwanza. Ili wingi huo upite angani bila kumaliza nafasi ya setilaiti, vituo hubana picha kwa mfumo wa MPEG-4 na kuirusha kwa mfumo wa DVB-S2, mifumo ambayo ving'amuzi vingi vya zamani havikutengenezwa kuielewa. Hiyo ndiyo sababu kifaa cha zamani hakiwezi kugeuzwa kuwa cha HD kwa kubadilisha kadi tu. Jambo la pili ni waya wa kwenda kwenye televisheni. Nimeingia nyumba moja pale Uyole, mwenyewe akilalamika kwamba HD ni uongo. Nikakuta king'amuzi kipya kimeunganishwa kwa zile nyaya za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano. Waya wa njano haubebi HD hata kidogo. Tulipochomeka waya wa HDMI, ambao hubeba HD, mzee alinyamaza, akasogeza kiti karibu. Na kituo kisichorushwa kwa HD kitabaki kama kilivyo hata ukinunua kifaa cha bei gani.

Sasa nifike mahali ninapotaka tukae. Kurekodi kunahitaji mlango wa kupokelea mawimbi, ambao mafundi tunauita tyuna, na kila tyuna hushughulikia masafa ya kundi moja la vituo kwa wakati mmoja. King'amuzi chenye tyuna moja, hata kikiwa na nafasi ya kuhifadhi ya mwaka mzima, kwa kawaida hakitakuruhusu kurekodi mechi ya saa kumi huku bibi akiangalia tamthilia yake kwenye kituo cha masafa mengine. Tyuna mbili ndizo mwanzo wa maana. Tatu zinakuwezesha kurekodi vipindi viwili na kutazama cha tatu.

Lakini tyuna mbili ndani ya kifaa hazitoshi ikiwa waya unaotoka juu ni mmoja. Kichwa cha dishi, yaani LNB, hupokea amri kutoka kwenye king'amuzi kupitia waya uleule unaoleta picha: volti 13 zinaomba mawimbi yaliyosimama, volti 18 yaliyolala, na mlio wa kilohezi 22 unaomba masafa ya juu badala ya yale ya chini. Hapo kuna hali nne, na waya mmoja wa kawaida hubeba hali moja tu kwa wakati. Tyuna ya kwanza ikiomba mawimbi yaliyosimama, ya pili haiwezi kupata yaliyolala kupitia waya huohuo, na mwenye nyumba ataambiwa hakuna mawimbi, aende kumlaumu aliyemuuzia. Dawa ni LNB yenye matokeo mawili na nyaya mbili hadi sebuleni, au LNB ya kisasa inayoigawia kila tyuna masafa yake ndani ya waya mmoja. Hii ya pili inahitaji king'amuzi kinachoielewa, kwa hiyo msinunue kimoja bila kuuliza juu ya kingine.

Diski ni hesabu nyepesi. Kipindi cha HD kinachorushwa kwa megabiti 8 kwa sekunde hula takribani gigabaiti 3.6 kwa saa, hivyo diski ya gigabaiti 500 hubeba kama saa 138. Kwa familia nyingi zinatosha.

Kinachoniuma zaidi ni kufuli. Vituo vya kulipia hufunga kile ulichorekodi kwa siri iliyomo ndani ya kifaa na kadi yake, na mara nyingi hata ukihamishia diski kwenye kompyuta hutapata chochote. Kwaya ya kanisa aliyokuwa akiimba mama yangu mzazi ilionyeshwa siku moja, nikairekodi. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo mara tatu katika usiku mmoja wa mvua, diski ikafa, na sauti ile ikaenda nayo. Nawasihi: msikabidhi kumbukumbu ya pekee kwa king'amuzi. Kitafutieni UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, kwa sababu diski mara nyingi huendelea kuzunguka hata pale kifaa kinapoonekana kimelala, na ni mkatiko wa ghafla unaoiumiza.

Kuhusu mvua, sisi wa nyanda za juu tuna bahati na tuna shida. Setilaiti iliyo juu ya longitudo ya nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini mwetu, kama nyuzi 79 juu ya upeo wa macho tukiwa hapa Mbeya mjini, kwa hiyo milima haituzuii kama inavyozuia antena za kawaida, na mawimbi hupita kwenye mvua kwa njia fupi. Ile ya nyuzi 7 mashariki iko chini zaidi, kama nyuzi 57. Shida ni kwamba vituo vya HD mara nyingi hudai mawimbi yenye nguvu kuliko vya kawaida. Dishi lililotosha jana huanza kukatakata picha mvua za Tukuyu zinaposhuka, na mtu aliyesafiri kwenda Makambako akitegemea rekodi hurudi akakuta mechi yenye matundu. Kabla ya kununua kinasa, mwambieni fundi alielekeze dishi upya kwa kipimo, asikadirie kwa macho, na abadilishe vichwa vya waya vilivyoshika kutu.

Mnaojenga sasa hivi kule Isyesye na Iwambi, kabla dari halijafungwa, pitisheni nyaya mbili kutoka kwenye paa hadi sebuleni, hata kama leo mtatumia mmoja tu.