Maji Yaliyolala Ndani ya Kichujio

Ndugu zangu, nianze na swali. Kichujio cha tangi lako la matumbawe ulikizima wiki tatu zilizopita, ukakiacha kimejaa maji. Leo unakihitaji tena. Mkono unakwenda wapi kwanza?

Naona mnacheka. Unakwenda kwenye swichi, na wangu uliwahi kwenda huko huko. Mashine yenyewe haina ubaya. Ubaya uko kwenye yale maji yaliyolala ndani yake.

Sponji ya kichujio imejaa bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati. Hewa yao ya oksijeni huletwa na mkondo wa maji. Mkondo ukisimama ndani ya kopo lililofungwa, oksijeni inaweza kuisha kwa saa chache tu. Wanakufa, wanaoza, amonia inapanda. Hapo wanashika zamu bakteria wengine wasiohitaji oksijeni, wanaotumia sulfati, chumvi yenye salfa. Na maji ya bahari yana takriban gramu 2.7 za sulfati kwa lita! Wanachotoa ni haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka yai viza. Mfugaji wa samaki wa maji baridi anaweza kuponea hapa. Sisi si rahisi. Tena pH yetu, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ni kama 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu. Ukiwasha, mchuzi huo wote unaingia tangini kwa dakika moja.

Kwa hiyo chomoa plagi, funga vali, peleka kichujio nje penye upepo ndipo ukifungue. Usiinamishe pua ndani. Gesi ile ikiwa nyingi huifisha pua, ukadhani imekwisha. Mwaga maji yote. Mkaa wa zamani na dawa ya kunyonya fosfati, tupa.

Sponji je? Kama kilisimama kwa muda mfupi na hakinuki, isuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, maana klorini ya bomba itaua bakteria waliobaki. Baada ya wiki tatu usitegemee wa kuokoa: ioshe hata bombani, lakini bila sabuni. Rota ya pampu, kile kipande kinachozunguka, ikiwa imeganda chokaa iloweke kwenye siki, isugue, isuuze sana. Mpira wa kuzibia ukiwa umepasuka, badilisha. Waya na plagi vyenye ukoko wa chumvi vifute vikauke kabisa.

Kisha kiendeshe kwenye ndoo ya maji ya chumvi usiku kucha, uone kama kinavuja. Kikirudi tangini, kihesabu hakina bakteria hata mmoja: punguza chakula, pima amonia kila siku kwa wiki ya kwanza, na ikionekana, badilisha sehemu ya maji. (Kitoa povu, kile kifaa kinachoondoa uchafu kwa mapovu, nacho kikitoka kuoshwa hufurika mwanzoni. Shusha kiwango cha maji ndani yake, kitatulia.)

Mama hapa mbele anauliza: umeme ukikatika usiku, ukarudi mwenyewe tumelala? Swali zuri kuliko mhadhara wangu. Ukiamka ukakuta umeme umekatika, chomoa plagi ya kichujio kilichofungwa kabla hujarudi kitandani. Pampu za kuzungusha maji ndani ya tangi ziache kwenye umeme, maana hizo ndizo unazotaka ziamke zenyewe.