Sukari Haijakimbia: Kitenzi "run" Mikononi mwa Mkalimani

MWALIMU: Karibuni tena kipindini. Leo niko na dada yetu mkalimani, na mada ni kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, "run".

DADA: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Anza na kile kisa cha fomu ulichonisimulia juzi. Hakijanitoka kichwani.

DADA: Nilikuwa namkalimania mzee mmoja Mkongomani, mkimbizi, katika hospitali moja huko Marekani. Nilipofika alikuwa ameshajaza fomu mwenyewe, kwa sababu ilikuwa ya Kiswahili. Kwenye maradhi ya ukoo paliandikwa hivi: "Je, ugonjwa wa sukari hukimbia katika familia yako?" Mzee ameweka alama kwenye "Hapana". Nikamuuliza, kwa hiyo kwenu hakuna mwenye sukari? Akaniambia, "Mwanangu, sukari ndiyo iliyomuua mama yangu. Wadogo zangu wawili wanayo. Haijakimbia. Ingekimbia tungeshukuru Mungu."

MWALIMU: Na kwa swali aliloulizwa, amejibu sawasawa kabisa!

DADA: Kabisa. Kwetu kukimbia ni kutoka mbio, au kutoroka. Mtu mwenyewe ni mkimbizi, neno hilo amelitembelea kwa miguu yake kuvuka mpaka. Fomu ilitafsiriwa kutoka Kiingereza, na huko ugonjwa wa ukoo husemwa "una-run" katika familia. Kiingereza kilikuwa kinauliza kama ugonjwa huo uko kwenye ukoo, Kiswahili kikauliza kama umeondoka. Daktari angeisoma ile fomu angedhani mzee hana hatari ya kurithi. Nilimwomba muuguzi abadilishe jibu palepale.

MWALIMU: Mimi nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na darasani tunaanza hivyohivyo: "run" ni kimbia, andikeni. Mtoto anaondoka nalo maisha yake yote. Lakini tazama watunzi wa ile kamusi kubwa ya Oxford. Toleo la pili lilitoka mwaka 1989, juzuu 20, na humo kitenzi chenye maelezo marefu kuliko vyote kilikuwa "set", maana 430. Baadaye mhariri wao mmoja, Peter Gilliver, akakaa na "run" peke yake miezi tisa. Alipomaliza alikuwa na maana 645 za hicho kitenzi tu.

DADA: Miezi tisa! Mimba nzima.

MWALIMU: Kazi ya heshima. Na nyingi ya maana hizo zimeletwa na mashine. Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830. Treni hazina miguu, lakini Waingereza wakasema "zina-run". Kisha viwanda, umeme, kompyuta, vyote vikaingia mlango huohuo.

DADA: Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza. Je, hizo zote ni maana ya miguu iliyovutwa tu?

MWALIMU: Hapana, na hili ndilo linalonipendeza kuliko yote. Asili yake ni lugha ya kale iliyozaa Kiingereza na Kijerumani, na Wajerumani wa leo wana "rinnen", maana yake kutiririka, maji kuchuruzika. Kwa hiyo mto na pua yenye mafua, ambavyo navyo kwa Kiingereza "vina-run", havikuazima neno kwa mwanariadha. Mkondo na mbio vilikuwa ndani ya neno tangu mwanzo.

DADA: Basi mimi nasema neno letu lililo karibu na "run" si kimbia. Ni enda.

MWALIMU: Eleza.

DADA: Saa inakwenda. Mashine inakwenda. Biashara inakwenda. Mwingereza pale pote anaweza kusema "run". Halafu tia kiambishi chetu cha kusababisha: endesha. Unaendesha gari, unaendesha duka, unaendesha shirika, unaendesha programu kwenye kompyuta. Kitu chenyewe kinakwenda, na mtu anakifanya kiende. Kiingereza kinatumia neno moja kwa yote mawili, sisi tunaongeza silabi na kila kitu kinakaa mahali pake. Tena hata tumboni! Mama anampeleka mtoto zahanati, anasema, "Mtoto anaendesha."

MWALIMU: Anaharisha, ndiyo. Na Kiingereza cha nyumbani nacho kinaliita gonjwa hilo kwa "run" hiyohiyo, katika wingi.

DADA: Lugha mbili zisizo na undugu, zimekutana kwenye tumbo la mtoto.

MWALIMU: Lakini enda haifiki kila mahali. Kanga, kwa mfano.

DADA: Kanga mpya nyekundu, ndiyo. Unaitia kwenye beseni, maji yanakuwa mekundu kabla hujaisugua, mpaka kucha zako. Mama yangu alikuwa anailoweka kwa chumvi kwanza, na ole wako uitie pamoja na shati jeupe la shule. Kiingereza kinasema rangi "ina-run". Sisi tunasema kanga inachuja. Nimeona nguo za dukani zimeandikwa "rangi inaweza kukimbia". Anayefua haambiwi kitu hapo.

MWALIMU: Na siasa? Mmarekani anayetaka urais "ana-run". Mwingereza anayetaka ubunge anasema anasimama. Lugha moja, huku mbio, kule kusimama wima.

DADA: Na sisi tunagombea. Kiti kimoja, mikono mingi imekishika. Hilo silibadilishi kwa lolote.

MWALIMU: Kuna mahali hata pamoja ambapo ungeandika kimbia bila wasiwasi, ukiacha viwanja vya michezo?

DADA: Benki. Septemba 2007, wateja wa benki ya Northern Rock huko Uingereza walisikia kwamba benki imeomba msaada wa Benki Kuu. Wakapanga foleni nje ya matawi wakitaka akiba zao. Kiingereza kinaita hiyo "run", ingawa watu wamesimama foleni saa nzima. Kwa Kiswahili ningeandika: watu walikimbilia benki. Angalia lakini, ni kimbilia. Ukiandika "walikimbia benki" umewageuza, wanaipa benki mgongo.

MWALIMU: Silabi moja, na pesa zimebaki ndani.

DADA: Ndiyo maana siku hizi nikikutana na "run" siigusi kwanza. Nauliza ni nani anayefanya, au ni nini. Mtu, maji, injini, rangi, ugonjwa? Nikishajua, Kiswahili kinakuja chenyewe.

MWALIMU: Na lile swali la fomu, ungeliandikaje?

DADA: "Je, katika ukoo wenu kuna mtu mwenye ugonjwa wa sukari, au aliyewahi kuwa nao?" Nililiandika hivyo, nikawapelekea wahusika pamoja na maelezo ya yaliyompata mzee. Wakasema wamepokea. Mwezi uliopita nilirudi palepale na mgonjwa mwingine, mama wa Kirundi. Kaunta walimpa fomu ileile ya zamani. Nikachukua kalamu, nikalikata swali, nikaliandika upya kwa mkono pembeni kabla hajaanza kujaza.