Mazigazi Yapo, Maji Hayapo

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja na kujaza ukumbi.

Kila Ubuddha unapotajwa, hakosi mtu wa kusema kwamba Wabuddha wanaamini dunia haipo, eti yote ni ndoto. Leo nataka kuyapinga maneno hayo, maana yanawanyima watu fundisho lenyewe, na ni fundisho ninalolipenda mno kuliacha lipotee hivi hivi.

Katika Samyutta Nikaya, mkusanyiko wa hotuba uliohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, imo hotuba aliyoitoa Buddha kando ya mto Ganges. Anawaonyesha watawa bonge la povu linaloelea, kisha anasema: mwili ni kama povu lile. Hisia, ule utamu au uchungu tunaoupata kitu kikitugusa, ni kama viputo vya mvua juu ya maji. Utambuzi ni mazigazi ya adhuhuri. Nia na mazoea ya moyo ni mgomba. Ufahamu ni kiinimacho cha mtu wa mazingaombwe aliyesimama njia panda.

Mgomba huo sisi hatuhitaji kuelezwa. Mtu kaingia msituni na shoka akitafuta mbao ngumu. Anauangusha mgomba, anaubambua ganda baada ya ganda, na hapati hata ubao laini, seuze kiini. Lakini nani atasema mgomba haupo? Una mkungu, watu wanakula. Kilichokosekana ni kile tu alichokitarajia mwenye shoka. Hivyo ndivyo Buddha alivyoizungumzia nafsi: mtu yupo, ila ukimbambua hupati kiini cha kudumu.

Mazigazi yana mengi zaidi. Mko kwenye lami, jua la saa saba, mbele yenu barabara inang'aa maji. Hewa iliyogusana na lami ina joto kuliko ile ya juu yake, kwa hiyo mwanga unaotoka angani unapinda na kuingia machoni kana kwamba unatoka chini. Mnachokiona ni kipande cha anga. Mwanga ni wa kweli. Jicho ni zima. Hata kamera itayapiga picha. Kosa linaingia pale tu tunaposema: maji. Hayo hayakuletwa na jua, yameletwa na mazoea yetu, na kama tuna kiu, yameletwa na kiu. Tena, hata ukishaijua sababu, mng'ao hauondoki. Utaendelea kuuona, ila hutaukimbilia na ndoo. Kwangu mimi huu ndio moyo wa jambo zima: mwenye kuamka haachi kuona.

Kuna hotuba nyingine, ya Tonge la Asali, ambamo mtawa Mahakaccana anafuata hatua moja moja. Jicho linakutana na umbo, ufahamu wa kuona unazuka, hapo pana mguso. Mguso unaleta hisia. Anachokihisi mtu, anakitambua, anachokitambua, anakiwaza, anachokiwaza, anakitanua. Kisha yale aliyoyatanua yanamgeukia yeye mwenyewe na kumvamia.

Jirani kapita bila salamu. Jicho limepokea mtu anayetembea. Moyoni kikachoma kidogo. Ukatambua: dharau. Ukawaza: tangu wamalize ile nyumba, wamebadilika. Ikifika magharibi umeshapanga kutokwenda kwenye harusi ya binti yao. Huenda ni dharau kweli, sibishi. Ila dharau hukuiona. Uliona mtu akipita.

Msidhani haya yanaishia kwenye ugomvi wa mtaani. Hotuba hiyohiyo inataja mtanuko huo unakofikia: fimbo na silaha, mabishano, masengenyo, uongo. Nchini Rwanda, mwaka 1994, watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani na kuuawa kwa sababu ya kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho. Aliyeshika panga alikuwa ametazamana na binadamu ana kwa ana, na hakumwona.

Ndiyo maana msemo wa "yote ni ndoto" unanitia hofu. Kama yote ni ndoto, basi na aliyeuawa ni ndoto. Nagarjuna, mwanafalsafa wa India wa karne ya 2 hivi, aliyeandika juu ya utupu, yaani vitu kukosa kiini chao wenyewe, kwa ukali kuliko wote, ndiye aliyeonya kwamba utupu ukieleweka vibaya humwangamiza mtu, kama nyoka aliyeshikwa vibaya. Na Buddha mwenyewe, usiku mmoja kule Kapilavatthu, alimwomba mtawa wake Ananda aendelee kufundisha kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua, akaenda kujilaza. Hakuuita mgongo wake ndoto.

Sasa tufanye nini? Bahiya, mtu wa bandari ya Supparaka, pwani ya magharibi ya India, alimkuta Buddha mjini akipita kuomba chakula, akamsihi amfundishe palepale. Akakataliwa mara mbili. Mara ya tatu akaambiwa: katika kilichoonwa pawe na kilichoonwa tu, katika kilichosikiwa pawe na kilichosikiwa tu.

Kabla ya maswali, hebu tujaribu agizo hilo kwa dakika tano. Kaeni vizuri, macho msifumbe. Sauti za barabarani ziacheni ziingie. Wazo likija kwamba ile ni bodaboda, au kwamba mhubiri yule ana kelele, jueni kuwa hilo ni wazo, kisha rudini kwenye sauti. Baada ya hapo, wenye pingamizi waanze kuuliza.