Kabla Nyundo Haijagonga: Mhadhara juu ya Mnada wa Chai wa Mombasa

Walimu wangu, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kwa ziara ya mnadani, hamjambo.

Nimeitwa kwa sababu nami nilisimama pale mtakaposimama. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na wakati huo chai ya Mombasa bado inanadiwa kwa mdomo. Mnadi amekaa mbele na nyundo yake ndogo, wanunuzi wamejaa ukumbini, kila mmoja ameinamia katalogi iliyochorwachorwa kwa kalamu. Ikatajwa namba ya loti, yaani fungu la chai linalouzwa kwa pamoja, sauti mbili tatu zikapishana kwa senti za dola ya Marekani, nyundo ikagonga, tukawa tayari kwenye loti nyingine. Nilishika daftari nikingoja mabishano niyaandike. Hayakuja. Loti nzima iliuzwa kabla sijamaliza kuandika namba yake.

Nilitoka nimevunjika moyo. Mimi ni mtoto wa mkulima wa chai kutoka Murang'a, na niliona kama jasho la mwaka mzima limepimwa kwa kufumba na kufumbua.

Alasiri mwalimu akatupeleka kwenye ofisi ya dalali mmoja, yule anayeuza chai kwa niaba ya viwanda, kwenye chumba cha kuonjea. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokiona asubuhi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Meza ni ndefu, iko kando ya dirisha, maana rangi ya chai hupimwa kwa mwanga wa mchana. Vikombe vyeupe vimepangwa safu, na mbele ya kila kikombe kuna majani makavu ya sampuli yake. Chai hupimwa kwa mizani. Kipimo kinachotambuliwa kimataifa ni gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, na dakika 6 za kukaa. Kisha majani yaliyolowa hugeuzwa juu ya kifuniko ili rangi yake nayo ionekane. Mwonjaji huchota kijiko, akavuta kwa kishindo mpaka ukashtuka, ili chai itawanyike ulimini na harufu ipande puani. Hutema, akataja neno moja au mawili na bei, msaidizi akaandika, wakahamia kikombe cha pili. Uso wake hausemi kitu.

Basi bei huanzia kwenye meza hiyo. Kiwanda kinapeleka chai ghalani Mombasa, sampuli zinatolewa, dalali anaonja na kukadiria, loti inaingia kwenye katalogi. Wanunuzi nao hupelekewa sampuli, wanaonja kwao, wanawasiliana na wateja wao wa Pakistan, Misri au Uingereza, halafu kila mmoja anaandika kimoyomoyo mwisho wake ni senti ngapi. Siku ya mnada watu wanakuja na jibu mkononi. Kinachobaki ni kujua nani ana jibu kubwa zaidi, na hilo halihitaji muda mrefu.

Mnada huu ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu 1992 mauzo hufanywa kwa dola. Kuhamia pwani kulikuwa na maana: mzigo uko ghalani, mnunuzi yuko mjini, meli iko bandarini Kilindini. London, ambako chai ilianza kunadiwa mwaka 1679, ilifunga mnada wake Juni 1998. Leo Mombasa huuza pia chai ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na majirani wengine.

Sasa nifanye hesabu moja, na naomba muiandike. Kilo moja ya chai kavu huhitaji kama kilo 5 za majani mabichi. Bei ikishuka senti 10 za dola mnadani, hiyo ni senti 2 kwa kila kilo ya majani. Lakini kuni za kiwanda hazijashuka, umeme haujashuka, mishahara iko palepale. Pengo lote linamwangukia mkulima, na hulikuta kwenye bonasi, yale malipo ya mwisho wa mwaka. Aliyepeleka kilo 3,000 za majani kwa mwaka amepoteza dola 60. Nyumbani kwetu hiyo ni karo.

Ndiyo maana nilifurahi Julai 2021, chai ya wakulima wadogo ilipowekewa kima cha chini cha bei, dola 2.43 kwa kilo, isiuzwe chini ya hapo. Niliona haki imetendeka. Lakini vikombe havikubadilika: chai nzuri ilinunuliwa, hafifu ikakosa mtu, magunia yakarundikana maghalani, na chai haikai miaka bila kupoteza ladha. Leo nasema wazi kwamba nilikosea kulishangilia lile sharti. Uchungu ulioleta lile sharti ulikuwa wa kweli, ila dawa iliwekwa mahali ambapo ugonjwa hauko.

Ninyi hamtasikia sauti zile. Tangu mwaka 2020 mnada umehamia kwenye kompyuta; mtaona namba zinapanda kwenye skrini na watu wanabofya. Kumbukumbu zimekuwa safi zaidi, na hilo nalipenda. Ila mgeni ni rahisi zaidi kudanganyika kwamba mashine ndiyo inayopanga bei. Kwa hiyo ombeni mpelekwe kwanza chumba cha kuonjea. Kila mmoja achague loti moja tu, aonje, aandike bei anayoiona yeye, ndipo aifuate hadi inunuliwe au irudishwe.

Siku ile mimi niliomba kikombe cha kiwanda chetu. Mwonjaji akanipa kijiko, kisha akanipa cha kiwanda jirani. Cha jirani kilichangamka mdomoni. Chetu kilikuwa kizito, kimelala. Nikamuuliza kuna nini. Akayatazama yale majani kwenye kifuniko, akasema, "Haya yalichelewa, kijana. Yalipata joto kabla hayajafika kiwandani."

Nikazikumbuka jioni tulizokaa na mama kwenye kituo cha kununulia chai, mifuko imeshindiliwa, tukisubiri lori mpaka saa tatu usiku. Ukiingiza mkono katikati ya mfuko, majani yalikuwa moto kama uji.