Aliyekwenda dago naye ahesabiwe

Assalamu alaykum. Nimefurahi kuona masheha wamo ukumbini, maana nitakayosema yanawahusu wao kabla hayajafika maabara.

Tunataka kujua ni Wapemba wangapi wana kingamwili za chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, yaani virusi vimeshawahi kuwaingia, hata kama hawakuugua. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 kisiwani hapa. Hatuwezi kuwatoa damu wote, basi tutachukua sampuli.

Njia nyepesi ni kupima damu iliyokwishatolewa: ya wachangiaji damu au ya mama wajawazito kliniki. Ukiirudia kila mwaka kwa utaratibu uleule, utaona kama maambukizi yanapanda. Lakini watoto hawamo, wala wazee.

Wengine hutangaza tu, anayetaka aje. Aprili 2020, huko Santa Clara, Marekani, washiriki walipatikana kwa matangazo ya Facebook. Walipimwa 3,330, wakaonekana 50 wana kingamwili za korona. Wakosoaji wakauliza: aliyewahi kukohoa si ndiye atakayekimbilia kupimwa? Na kipimo chenyewe je? Fuateni hesabu hii. Tuseme walioambukizwa ni 10 katika 1,000, na kipimo kinawakosea wawili katika kila 100 wasioambukizwa. Majibu ya uongo yatakaribia 20, yatawazidi wagonjwa wa kweli!

Hispania mwaka huohuo ilichagua kaya kwa bahati nasibu, watu zaidi ya 60,000, makadirio yakawa kama asilimia 5. Njia hiyo ndiyo ninayoitetea. Kwetu tungepiga kura ya shehia, kisha kura ya nyumba ndani ya kila shehia.

Tabu inaanzia mlangoni. Piga hodi Konde saa nne asubuhi, utamkuta bibi na wajukuu. Baba yuko dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani; kijana yuko kambi ya karafuu. Mpimaji aliyechoka huhamia nyumba ya jirani, na hilo nawaomba sana tulikatae. Mbu wa chikungunya huuma mchana, na mchana wa wachumaji ni chini ya mikarafuu. Damu yao huenda ikasema mengine kabisa. Ukiongeza nyumba elfu kwa mtindo huo, kosa ni lilelile, ila utaliamini zaidi.

Kwa hiyo, masheha, tusaidieni kurudi nyumba ileile: jioni, Ijumaa baada ya sala, na mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa wanapopumzika. Na anayekataa kupimwa aachwe kwa heshima, lakini aandikwe kuwa amekataa.